Kidole Nilichomnyima Bi Zuwena

Siku hiyo naiona mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, na babu yako Haji aliingia chumbani kwangu, mtaa wa Malindi, akiwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia yake. Alivua kofia, akaitoa karatasi, akaitandaza juu ya mkeka mbele yangu na kuikandamiza pembe zake kwa vikombe viwili vya kahawa. Kisha akanyamaza, na mimi nikajua kuwa kuna jambo, kwa sababu Haji hakuwa mtu wa kunyamaza mbele ya kahawa.

Lakini ngoja kwanza nikueleze kwa nini nakwambia leo habari ambayo hata baba yako Khamis sijamwambia. Jana ulikuja hapa umenuna, Rahma, ukautupa mkoba wako kitandani na kusema mumeo Othman ana lake jambo. Daktari amekwambia moyo wako hauwezi tena kubeba mimba, na dawa za kuzuia uzazi zinakudhuru. Othman akasema basi afunge uzazi yeye. Bima ya afya inalipa, amekwisha kuuliza, na kilichobaki ni saini yako kwenye fomu. Nawe hutaki kuitia. Ulinambia, "Bibi, mwanamume akishafunga uzazi atakwenda atakako, na hakuna mtoto wa nje atakayemuumbua." Nilicheka, ukaniudhikia. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mwenyewe, kwa sababu wivu ule naujua, niliwahi kukaa nao nyumba moja.

Unajua kuwa sikumzaa baba yako. Ukoo mzima unajua kuwa mama yake ni marehemu Bi Zuwena, mke mkubwa wa Haji, na kuwa mimi ni mke mdogo niliyemlea. Watu hunisifu kwa hilo. Siku ya harusi yako mzee mmoja aliniombea dua mbele ya watu kwa wema wangu, nami nikainamisha kichwa nikaitikia amin. Leo utajua nilivyompata huyo mtoto.

Hiyo ni miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka Makunduchi kuja kuolewa mjini nikiwa na kumi na tisa, na nilijiona mzuri kuliko nilivyokuwa. Haji alikuwa fundi bomba wa serikali. Bi Zuwena alikuwa na nyumba yake mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na watoto watano. Mimi nilipangiwa chumba cha ghorofani Malindi, katika nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa chini. Zamu zilikuwa siku mbili kwake na siku mbili kwangu, na Haji hakuwahi kukosea. Mkosaji nilikuwa mimi. Akija ananukia udi wa kwake, mimi nachoma wangu mara mbili. Akitaja kuwa kala pweza wa nazi, kesho yake naamka mapema kutafuta pweza mkubwa zaidi sokoni. Alikula vizuri, maskini. Kitambi chake chote kilitokana na wivu wangu.

Nilikuwa na miaka miwili ndani ya ndoa na sijashika mimba.

Sasa, watumishi wa serikali wakati ule walikuwa na kadi ya matibabu. Ukiwa nayo, unatibiwa wewe, mkeo na wanao, bila ya kutoa kitu mfukoni. Ndiyo iliyokuwa bima yetu, ingawa hatukuijua kwa jina hilo. Kwa kadi hiyo Bi Zuwena alijifungua hospitali mtoto wake wa tano, huyo baba yako, na akavuja damu mpaka wakamkatia tamaa. Alipopona, daktari, ambaye naye alikuwa Muhindi wa hapa hapa mjini, alimwita Haji na kumwambia kuwa mimba nyengine itamwua. Vidonge vya kuzuia uzazi sisi hatujavisikia. Daktari akamweleza kuwa kuna operesheni ndogo anayofanyiwa mwanamume. Uanaume wake hauguswi, hufungwa njia ya mbegu tu, na siku hiyo hiyo anarudi nyumbani.

"Mize," Haji aliniambia siku ile ya karatasi, "nnakuomba dole gumba lako."

"Dole la nini?"

Akanieleza yote. Alikwenda kwa karani na kadi yake, karani akamwambia kadi inatibu wagonjwa, naye haumwi. Akarudi kwa daktari. Daktari akaandika kuwa maradhi ni ya mke, ila tiba yake iko katika mwili wa mume. Karani akaridhika, akataka dole gumba la mke kuonesha kuwa ameridhia. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa mke.

"Nikamwambia mie nna wake wawili," Haji alisema. "Akachukua rula, akachora mstari wa pili kwa penseli. Hata mwalimu wangu wa msikitini nshamuuliza. Kanambia ikiwa daktari unayemwamini kasema ni hatari ya kufa, lina njia, lakini nisimdhulumu mke mwengine haki yake. Ndio nimekuja kwako."

Nikaitazama karatasi. Kwenye mstari wa juu palikuwa na dole la Bi Zuwena, wino wa zambarau, limekaa sawasawa. Chini yake ule mstari wa penseli, mtupu. Haji alikuwa ameazima hata kikopo cha wino, kimo mfukoni mwake.

"Na mie mwanangu nitampata wapi?" nikamuuliza.

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza. Siwezi kukupokonya. Ukitaka nikuache kwa wema uolewe na mwengine uzae, nitakuacha, na itaniuma. Ukitaka kubaki, tutabaki. Ukikataa, nitairudisha karatasi kwa karani."

Nilikataa. Nililia na kusema haki yangu, haki yangu, mpaka wapangaji wa chumba cha pili wakasikia. Na haki ilikuwa yangu kweli, mwanangu, hilo sitalificha. Mwanamke wa miaka ishirini na mmoja kutaka mtoto si dhambi. Lakini nakuapia, si mtoto niliyekuwa nikimlilia. Kilichonikata maini ni kuwa mwanamume yule, aliyekuwa akiogopa hata sindano, alikuwa tayari kulala juu ya meza ya daktari kwa ajili ya Zuwena. Pweza wangu wote na udi wangu wote havijawahi kupewa jibu la namna ile. Watoto wake watano sikumwonea gere. Nilimwonea gere, yaani wivu, ya kile kisu cha daktari.

Haji hakugombana nami. Aliikunja karatasi akairudisha ndani ya kofia.

Wiki haijesha, Bi Zuwena alikuja mwenyewe. Tangu niolewe hajawahi kukanyaga kwangu. Nilimsikia akipanda ngazi, anapanda tatu, anasimama, anapanda tatu, na kila alipopumzika mtoto alikuwa akiguna. Alipoingia alivua buibui, akakaa mkekani, akampakata baba yako, ambaye alikuwa na mwaka na miezi, mashavu yamejaa, mguu mmoja una kiatu na mwengine hauna.

"Mize, mwenzangu, sikuja kugombana," alisema.

"Karibu maji."

Akanywa. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomjua, na nitakwambia ukweli, nilifurahi kumwona amechakaa.

"Haji kanambia umekataa, na mie sikulaumu. Ningekuwa weye ningekataa. Lakini nna watoto watano na nnataka kuwaona wanakua. Nimekaa nikafikiri." Akamnyanyua baba yako kidogo kutoka mapajani. "Huyu akiacha ziwa, mchukue. Awe wako. Weye akwite mama, mie aniite Bi Zuwena, na watu wote wajue ni mtoto wa Mize."

Unajua, kwetu kumpa mtu mtoto alee si ajabu. Dada humpa dada, shangazi huchukua wa kaka yake, na mtoto hukua ana mama wawili bila ya tabu. Lakini mke mwenza kumkatia mke mwenza mtoto wake kitinda mimba, akiwa bado ananyonya, sikuwahi kusikia na sijasikia tena. Mtu mwenye akili angemshika mkono akalia naye. Mimi nilisikia kuwa ananigaia.

"Mie si wa kupewa masazo yako," nikamwambia. "Kama unaogopa kufa, dawa yake rahisi. Nipe zamu zako. Haji asilale kwako tena, na hutoshika mimba."

Akamvua baba yako kile kiatu kimoja, akamvisha tena.

"Ndilo unalotaka?"

"Ndilo."

"Basi nshakupa, Mungu shahidi." Akasimama, akavaa buibui lake. Mlangoni akageuka. "Na la mtoto nililolisema, bado lipo pale pale."

Nilimsikiliza akiteremka ngazi, nikaona nimeshinda.

Basi nikawa na Haji siku zote. Mwanangu, usiombe kupata kitu kwa njia ile. Alikula, alisema ahsante, alinitengenezea bomba la uani lililokuwa likivuja, na alikuwa mgeni. Kila siku baada ya kazi alipita kwanza Ng'ambo kuwaona watoto wake, na hilo sikuweza kulizuia. Akija kwangu Magharibi imekaribia. Nikaanza kupima: kutoka kazini mpaka Ng'ambo ni mwendo gani, kuwaona watoto watano kunachukua muda gani, mbona ziada hii. Hata wakati wote ulipokuwa wangu, nilimwonea mwenzangu wivu wa zile saa mbili za jioni.

Baada ya miezi kadhaa nikavaa buibui nikamfuata. Nilisimama pembeni mwa nyumba ya Bi Zuwena, kwenye uwazi wa ua wa makuti. Haji alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi anamkunia nazi, fundi bomba mzima na vidole vyake vigumu, na Bi Zuwena amekaa mbele yake anachagua mchele. Hawakuwa wakisema neno. Kisha Bi Zuwena akanyanyuka kuchota maji, na nikaona jinsi alivyoifunga kanga yake juu ya tumbo.

Nilijua papo hapo. Na unajua nilifikiri nini? Sikufikiri kuwa huyu mtu sasa atakufa. Nilifikiri kuwa wamenilia zamu yangu.

Haji alipofika kwangu jioni ile nilimmwagia maneno yote niliyokuwa nayo. Nilimwita mwongo. Nilimwita mwizi. Akanisikiliza mpaka nikachoka.

"Zuwena alikupa usiku wake," akasema. "Mie sikumpa talaka. Ni mke wangu, Mize. Nilikwambia nifunge, ukakataa."

Yeye naye alikuwa na kosa lake, usinione namtakasa. Alijua hatari kuliko sisi sote, na mwenye kujua alipaswa kujizuia. Lakini alikuwa mtu mzima anayempenda mkewe, na njia ya kumpenda bila ya kumwua ilikuwa ndani ya kofia yake, inangoja dole langu. Siku ya pili nilikwenda dukani nikanunua kanga yenye maneno makali, nikaivaa nikapita mbele ya nyumba ya Bi Zuwena ili aisome mgongoni kwangu. Maneno yake siyasemi hapa, bado naona haya. Yeye alikuwa amekaa barazani. Akanisalimu.

Alilazwa hospitali mimba ilipoingia mwezi wa nane. Siku ya kwanza sikwenda. Siku ya pili sikwenda. Haji hakuja kula. Asubuhi ya siku ya tatu nilifungua sanduku lake kutafuta shuka safi ya kumpelekea, na chini ya shuka nikaikuta ile karatasi. Hakuirudisha kwa karani hata kidogo. Aliiweka, labda akitumaini.

Nilikaa chini nayo, ndipo akili ikanijia, mwanangu, kwa kuchelewa kama ilivyo akili yangu yote. Nikaona hata kama mimba hii imekwisha kuingia, akitoka salama basi isije nyengine. Wino sina. Nikachukua wanja wangu, nikalipaka dole gumba, nikalikandamiza kwenye ule mstari wa penseli. Nikapika uji, nikautia ndani ya birika, nikatoka na karatasi kifuani.

Haji alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Jua lilikuwa halijafika kichwani. Nilipomtolea karatasi hakuipokea mara moja. Aliiangalia mikononi mwangu, akaliona lile doa jeusi chini ya dole la mkewe.

"Kashafariki," akasema. "Yeye na mtoto. Sasa hivi."

Sikulia. Niliendelea kushika birika la uji, na nesi mmoja akaliondoa mkononi mwangu kwa kuwa lilikuwa likiniunguza na mimi sihisi.

Matanga yakapita. Siku ya nne mama yake Bi Zuwena, mzee mkavu asiyenipenda na alikuwa na sababu, alipanda ngazi zangu amembeba baba yako. Nilijua amekuja kunilaani, nikainuka niipokee laana yangu wima. Shikamoo yangu aliijibu. Kisha akamweka mtoto juu ya mkeka.

"Wale wakubwa nnawachukua mie," alisema. "Huyu kausia apewe Mize. Kasema nikwambie alishakwambia."

Kausia hivyo kitandani hospitali, mwanangu, siku ile ya pili nilipokuwa nimekaa nyumbani nimenuna. Baada ya masazo, baada ya zamu, baada ya kanga ile. Mtoto niliyemkataa aliponipa kwa mikono yake, nilipewa tena wakati mikono hiyo ishafukiwa. Baba yako alinitazama, akanyanyua mikono nimbebe. Hapo ndipo nililia.

Mungu hakunijaalia kuzaa maisha yangu yote. Kile nilichosema nakilinda hakikuwepo. Niliishi na Haji mpaka akazeeka, akanitunza, hakunisuta hata siku moja, na alipokaribia kufa akaomba azikwe karibu na Zuwena. Nilikubali mbele ya watu. Nyuma ya mlango niliuma mto. Ndiyo, mwanangu, mpaka leo namwonea wivu mwanamke aliyekufa, nami nina meno mawili tu kinywani. Wivu hauishi kwa uzee. Unachoweza ni kutoupa kidole chako ukitumie.

Ile karatasi ninayo, imo ndani ya sanduku la nguo zangu. Wanja umetawanyika umekuwa doa tu. Dole la bibi yako Zuwena linaonekana bado, kila mstari wake, na ukiweka dole lako pembeni yake utaona mmefanana.

Sasa nisikilize vizuri. Mwili wa Othman ni wake na maisha ni yako, na fomu ukiisoma ukaona hutaki kwa sababu zako za akili, kaeni mzungumze mtafute njia nyengine, na mkamwulize daktari tena. Sikulazimishi. Lakini usiniletee habari ya kuwa ataenda kwa wanawake. Mwanamume anayetaka kwenda kwa wanawake haendi kwanza kuulizia bima kama italipa, haombi ruhusa kazini, wala hamletei mkewe karatasi mezani. Unaona mtu anayetaka kukuponyoka. Mimi naona mtu aliyekubali kulala juu ya meza ya daktari ili wewe usife, na hilo nimelitamani maisha yangu yote nikalikosa. Ukiona wivu unakuja, uuseme waziwazi, umwambie mumeo, "Naogopa." Mimi ningesema neno hilo moja siku ile mkekani, Haji angenijibu, na labda Zuwena angekuja kwenye harusi yako badala ya mimi kuitikia amin isiyonistahiki.

Nilimnyima bibi yako kidole. Usijinyime wewe mwenyewe.

Mungu akupe umri wa kuwachosha wajukuu kwa hadithi ndefu, akupe na Othman uzee wa kugombania mto mmoja. Amtilie nuru bibi yako kaburini, na bibi akimwuliza habari zako, amwambie kuwa mjukuu wake alikuwa na akili kuliko Mize. Amin.

Haya, ilete hiyo fomu. Kalamu iko juu ya kabati, karibu na dawa zangu.